Upepo Mdogo, Baridi Kali

Malalamiko ya AC ni mawili, na fundi anayeijua kazi yake huyatenganisha kabla hajafungua mkoba wa vyombo. La kwanza: hewa inatoka kwa nguvu lakini haina baridi. La pili: baridi ipo, tena kali, ukiweka kiganja mdomoni mwa mashine unaihisi mara moja, ila hewa yenyewe inatoka kama pumzi za mgonjwa. Mwenye nyumba huyataja yote mawili kwa maneno yale yale, "AC imeisha nguvu," na hapo ndipo anapoanza kuliwa pesa. Dawa ya lalamiko la kwanza mara nyingine ni gesi. Dawa ya la pili ni nadra kuwa gesi, lakini gesi ndiyo atakayouziwa.

Sura hii ni ya lalamiko la pili, na nimeipeleka Kiamaiko, mtaa wa Nairobi, makusudi. Najua wakazi wa huko watacheka. Nani ana AC nyumbani Kiamaiko? Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Julai watu wa Huruma na Mathare wanalala na sweta. Kwa familia nyingi za Eastlands, AC ni kitu cha benki, cha hoteli za Eastleigh, au cha shangazi aliyeolewa Mombasa. Hata hivyo tembea mtaani ukitazama juu ya milango utaziona: kwenye duka la dawa, ambako dawa nyingi hazitakiwi kukaa kwenye joto linalopita nyuzi 25 au 30, kwenye chumba cha kompyuta, na hapa na pale kwenye orofa ya mwisho ya ghorofa, chini ya zege linalopigwa na jua la Februari tangu asubuhi. Halafu kuna vyumba vya baridi vya nyama. Kiamaiko ni mtaa wa mbuzi. Wanyama huletwa kwa malori kutoka kaskazini, Marsabit, Moyale na Isiolo, wanachinjwa, na nyama inasambaa mjini kabla ya chakula cha mchana. Nyama nyingi huuzwa siku hiyo hiyo, ikiwa bado na joto lake. Inayobaki ndiyo inayohitaji baridi, na baridi haifiki kwenye nyama isipobebwa na hewa.

Kwanza ondoa dhana moja. AC ya ukutani haivuti hewa kutoka nje. Kile kisanduku kinachonguruma nje ya ukuta hakipeani hewa na chumba hata kidogo. Kinatupa joto tu. Kipande cha ndani huvuta hewa ya chumba chenyewe kupitia juu, huipitisha kwenye filta, kisha kwenye koili ya baridi, kisha kwenye feni ndefu iliyolala mfano wa mrija, na kuirudisha chumbani kupitia mdomo wa chini. Hewa ile ile inazunguka usiku kucha. Mashine ya BTU 12,000, ambayo ndiyo ya kawaida kwa chumba kimoja, husukuma takriban mita za ujazo 500 hadi 700 kwa saa feni ikiwa kwenye kasi ya juu. Ukitaka kujua hewa imekwama wapi, unaifuata njia hiyo kuanzia inapoingia hadi inapotokea. Hakuna siri nyingine katika kazi hii, ingawa mafundi wengi wangependa uamini ipo.

Kabla ya kugusa chochote, chukua rimoti. Angalia kama feni imewekwa kwenye kasi ya chini, au mashine iko kwenye hali ya kulala, au ile ya kukausha hewa. Zote hizo hupunguza upepo kwa makusudi. Mtoto akicheza na rimoti Jumamosi, Jumatatu fundi analipwa nauli.

Halafu filta. Zima swichi ya ukutani, si rimoti peke yake, inua kifuniko, chomoa vile vyavu viwili vya plastiki. Penye hewa safi mwezi mmoja unapita bila tatizo. Kiamaiko si penye hewa safi. Kuna vumbi la malori na manyoya ya mbuzi. Kuna moshi wa kuchomea vichwa na miguu ya supu, kuna nyama inayochomwa, kuna jiko la makaa kwenye kila korido. Moshi wa mafuta ndio mbaya zaidi, kwa sababu hunata, na vumbi likishanata kwenye mafuta halitoki kwa kupuliza wala kupangusa kwa kitambaa kikavu. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua taratibu kutoka upande wa nyuma, anika kivulini. Jua kali hupinda fremu, na filta iliyopinda huacha mwanya ambao uchafu utapita kuelekea mahali pabaya zaidi. Karibu na sehemu za kuchoma nyama, fanya hivyo kila baada ya wiki mbili.

Mahali hapo pabaya zaidi ni feni yenyewe, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anaosha filta, anairudisha, upepo ni ule ule, anaamua kwamba basi ni gesi. Mulika tochi kwenye mdomo wa mashine, mashine ikiwa imezimwa, utazame ndani. Utaona mapezi membamba, mengi, yaliyopindwa kidogo kama yanataka kukumbatia kitu. Ule mpindo ndio unaoikamata hewa na kuitupa mbele. Utando wa vumbi unene wa milimita mbili ukijaza mpindo, pezi linakuwa kama kijiti: feni inazunguka kwa kasi yake ya kawaida, mlio ni ule ule au hata mkubwa zaidi, lakini hewa haikamatwi. Nimeona feni ambayo mapezi yake yalikuwa na ukoko mweusi wa masizi na mafuta, mgumu kiasi kwamba ulitoka vipande vipande kwa kijiti cha mwanzi. Kuisafisha ni kazi ya fundi mwenye pampu ndogo ya maji na turubai la plastiki la kukinga ukuta, kwa sababu maji meusi yatakayotoka humo hutaki yafike kwenye kitanda. Hakikisha anasafisha na koili wakati huo huo. Mabati yale membamba ya koili hulala yakiguswa kwa nguvu, na yakilala yanaziba njia ya hewa kama vumbi lenyewe.

Kuna kipimo kimoja rahisi kinachoweza kukuokoa gharama ya gesi. Nunua kipimajoto cha bei ndogo. Pima hewa inayoingia juu, kisha inayotoka chini, baada ya mashine kufanya kazi kama dakika ishirini. Kwenye mashine nzima tofauti huwa kati ya nyuzi 8 na 12. Ikiwa upepo ni mdogo na tofauti imezidi hapo, hewa inakaa sana kwenye koili kwa sababu haina njia ya kutokea: tafuta uchafu. Ikiwa upepo ni wa kawaida na tofauti ni ndogo, nyuzi tatu au nne, hilo ni lalamiko la kwanza, na linahusu gesi, kompresa, au kisanduku cha nje kilichozibwa.

Kuhusu gesi nitasema jambo moja kwa ukali. Gesi ya AC haiishi kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na mfumo usiovuja unaweza kukaa na gesi ile ile mpaka mashine itupwe. Fundi akikuambia "gesi imeisha, tunaongeza kila mwaka," amekuambia kwamba kuna mahali panavuja na hana nia ya kupatafuta. Na kile kinachovuja hakipotei bure. Gesi ya zamani, R-22, inaharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulikuja kuiweka baadaye kwenye orodha ya kuondolewa. Zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni lakini hupasha dunia joto, na hizo zilishughulikiwa kwenye makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016. Sekretarieti inayosimamia mambo hayo iko Gigiri, upande wa pili wa Thika Road ukitokea Kiamaiko. Sidhani kama kuna mji mwingine duniani ambako gesi huachiliwa hewani karibu hivyo na ofisi inayohusika nayo.

Hata hivyo ipo njia moja ambayo gesi pungufu huleta upepo mdogo, nayo ni barafu. Koili ya AC inatakiwa kuwa baridi lakini juu ya sifuri. Gesi ikipungua, msukumo wake ndani ya koili hushuka, na joto lake nalo huteremka chini ya sifuri. Unyevu wa hewa unaganda kwenye mabati. Barafu inaziba nafasi, hewa inapungua, na kwa kuwa hewa ndiyo iliyokuwa ikiipasha koili joto, barafu inazidi. Baada ya saa chache kilichobaki ni bonge jeupe na mlio wa feni. Mashine ikizimwa, maji yanachuruzika ukutani, na jirani wa chini anapanda ngazi kuuliza kuna nini. Lakini barafu hiyo hiyo huletwa na filta chafu, kwa njia ile ile kutoka upande wa pili. Utazitofautisha vipi? Kwanza yeyusha: zima upozaji, acha feni peke yake, subiri saa kadhaa. Usichokoe kwa kisu, maana bomba la koili ni jembamba na kisu kitalitoboa, na hapo ndipo utakuwa na kazi ya gesi kweli. Kisha safisha njia yote ya hewa, washa tena, utazame. Barafu ikirudi ilhali filta na feni ni safi, hasa ikianzia pale bomba jembamba linapoingilia koili, gesi imepungua, na fundi atafute panapovuja kabla ya kuongeza.

Nairobi ina sababu yake nyingine ya barafu ambayo Mombasa haiijui. Mashine nyingi za kupoza tu hazikuundwa kufanya kazi huku nje kukiwa na nyuzi 12. Usiku wa Julai, kwenye chumba cha kompyuta au stoo ya dawa ambako AC haizimwi, kisanduku cha nje hupoa kupita kiasi, msukumo wa gesi hushuka mfumo mzima, na koili ya ndani huganda. Asubuhi fundi anaitwa, jua limetoka, barafu imeyeyuka, mashine inafanya kazi vizuri, naye hapati kosa. Usiku ukiingia, yale yale. Ukiwa na tatizo linalokuja usiku na kutoroka mchana, uliza nje kulikuwa na baridi kiasi gani. Hapo hutengenezi kitu. Fungua dirisha uzime AC.

Sasa nije kwa mashine za mtumba, kwa sababu AC nyingi za Eastlands hazikutoka dukani zikiwa kwenye katoni. Kuna zilizokuja na mizigo ya Eastleigh, kuna zilizofungwa blanketi na jamaa aliyerudi kutoka Uarabuni. Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha ubavuni. Stima ya Kenya ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Ya Dubai ni 50 vilevile. Ya Saudi Arabia ni 60. Mota ya kawaida ya feni hufuata mizunguko ya stima, kwa hiyo ile iliyoundwa kwa 60 ikichomekwa Kiamaiko itazunguka kwa karibu sehemu tano kati ya sita za kasi yake. Hewa nayo inapungua kwa kiasi hicho hicho. Haina uchafu, haina ugonjwa, imezaliwa na nchi nyingine. Mashine za inveta, ambazo hubadilisha stima ndani kwa ndani kabla ya kuipeleka kwenye mota, mara nyingi haziguswi na jambo hili.

Na bado kuna urefu wa mji wenyewe. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Feni husukuma ujazo ule ule, lakini katika kila mita ya ujazo kuna hewa kidogo zaidi ya kubeba baridi. Unganisha mambo hayo mawili. AC iliyotoka nyumba ya Jeddah, kando ya bahari, ikifungwa kwenye orofa ya sita Kiamaiko, imepoteza karibu asilimia 30 ya uzito wa hewa iliyokuwa ikisukuma kwao, kabla hata ya vumbi la kwanza kutua kwenye filta. Hakuna fundi atakayeirudisha. Kama unanunua mtumba wa aina hiyo, chukua yenye BTU nyingi kuliko unayodhani unahitaji, au uache.

Stima yenyewe nayo ina yake. Kwenye ploti zenye wapangaji wengi juu ya laini moja, saa mbili usiku volti zinashuka, na feni ya kawaida inalegea nazo. Ikiwa upepo hupungua jioni tu na kurudi alfajiri, huna haja ya kufungua mashine. Ikiwa feni inaanza kwa kusitasita saa yoyote, au inahitaji kusukumwa kidogo ndipo izunguke, kapasita imechoka. Ni kipuri cha bei ndogo, lakini huweka chaji hata stima ikizimwa, kwa hiyo mwachie fundi.

Chumba cha baridi cha bucha ni ndugu mkubwa wa AC hii, na makosa yake ni yale yale kwa ukubwa zaidi. Siku moja nilifuatana na fundi hadi kwenye chumba kimoja cha nyama Kiamaiko, asubuhi, wakati watu wa mikokoteni bado wanapakua. Mwenye bucha, mzee wa makamo mwenye kofia ya kitambaa, alikuwa ameshaamua ugonjwa.

"Fundi, ongeza gesi tu. Hii kitu imeisha nguvu."

"Mzee wangu, gesi hatujaifikia. Nishikie hii taa kwanza."

Akapanda kwenye kreti. Feni mbili za kule juu zilikuwa zinazunguka sawasawa. Mbele ya feni hizo, karibu kuzigusa, mbuzi walikuwa wametundikwa kwenye kulabu wamebanana ubavu kwa ubavu hadi mlangoni. Fundi akachukua utepe wa karatasi ya choo, akaushika mbele ya feni: ukapeperuka. Akaupeleka nyuma ya safu ya kwanza ya nyama: ukaning'inia wima. Hakusema kitu, alimwangalia mzee tu. Baadaye akafungua kifuniko cha nyuma, na huko koili ilikuwa nyeupe kwa barafu. Vyumba vya namna hii huwa na hita ndogo ya kuyeyusha barafu, inayowashwa na saa yake mara chache kwa siku. Hita ilikuwa imeungua. Na kwa kuwa mapazia ya plastiki ya mlangoni yalikuwa yamekatika, kila mzigo wa asubuhi uliingia pamoja na hewa ya mtaani, yenye unyevu, tayari kuganda.

"Sasa mbuzi niwaweke wapi?" mzee akauliza, na lilikuwa swali halali. Nafasi ni pesa. Fundi alimwonyesha kwa mkono: upana wa kiganja kati ya mnyama na mnyama, na sehemu ya mbele ya feni iachwe wazi kabisa. Mbuzi waliotoka kuchinjwa wakae kwanza nje ya chumba mpaka joto lao lipungue, maana mwili wa mbuzi huingia ukiwa na nyuzi 39 na nyama inatakiwa ifike kati ya 0 na 4. Gesi haikuongezwa. Mzee hakufurahi sana, nadhani kwa sababu gesi ingemruhusu kuendelea kupanga mbuzi kama zamani.

Inafaa kukumbuka kwamba mashine hizi zilianza zikihudumia vitu kabla ya watu. Ile ambayo Willis Carrier aliichora mwaka 1902 ilikuwa ya kiwanda cha kuchapisha huko Brooklyn, ambako karatasi zilikuwa zinavimba kwa unyevu na rangi hazikai mahali pake. Chumba cha mbuzi Kiamaiko kiko karibu na asili ya kazi hii kuliko chumba cha kulala chochote.

Kwa wasomaji walio wengi, ambao hawana AC wala hawataki, kanuni ya njia ya hewa haibadiliki. Chumba cha futi kumi kwa kumi kwenye ghorofa za Huruma na Kiamaiko huwa na mlango unaofungukia korido na dirisha moja, pengine linalotazama ukuta wa jirani. Hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Feni ya kusimama katikati ya chumba kilichofungwa huzungusha joto lile lile. Jioni, zege la paa linapoanza kutoa joto lililolihifadhi mchana, isogeze feni dirishani. Kama dirisha linatazama barabara, ielekeze ndani, ufungue mlango. Usiielekeze nje ukiwa na majirani wanaopikia makaa kwenye korido, maana utavuta moshi wao na hewa yao yenye sumu moja kwa moja hadi kitandani.

Kisha tazama juu ya dirisha. Yale matundu ya hewa ambayo mjenzi aliyaacha ukutani, wapangaji huyaziba kwa gazeti au nguo kuukuu baridi inapoanza, na Februari gazeti bado limo. Litoe, na kama unapikia makaa chumbani, halikupaswa kuwekwa hata Julai. Wavu wa mbu nao ukiwa na miaka miwili hukusanya vumbi na masizi mpaka mwanga wenyewe unapita kwa shida. Upangue, uusugue kwa brashi na sabuni, uuanike, ndipo uamue kama bado unahitaji kununua feni.